Wivu Ndani ya Nyuzi Sita

Siku ya soko mjini Wote, duka la Musyoka la vyombo vya muziki huwa halina mahali pa kuweka mguu. Makanisa ya pande zile hununua hapo spika, maikrofoni na vinanda. Alhamisi hiyo wazee wawili wa kanisa walikuwa wakijaribu spika iliyowazidi kimo, "moja, mbili, tatu, Bwana asifiwe," huku kina mama wa kwaya wakibishana na Musyoka juu ya bei. Katikati ya kelele hizo, mikono miwili ilifika kwa pamoja kwenye pakiti moja ya nyuzi za gitaa, ya mwisho kwenye rafu.

"Samahani, hii mimi nimeiona kwanza," mwanamke akasema.

"Umeiona kwanza, lakini nimeishika kwanza," mwanamume akajibu.

Hakuna aliyeachilia. Mwanamke alivaa sketi ndefu ya jinzi na blauzi ya manjano, kichwani kitambaa cha kitenge kilichofungwa nyuma. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na viatu vya ngozi vilivyojaa vumbi la Wote.

"Dada, hizi si za kupigia wimbo wa kanisani," mwanamume akasema kwa upole wa mtu anayejua zaidi. "Ni nyuzi za jazi. Ziko smooth, hazilii kwaruu kwaruu ukiteleza kidole."

"Najua. Ndio maana nimezikazia macho tangu mlangoni."

Hapo mwanamume akaangalia vidole vya mwanamke. Kucha za mkono wa kushoto zimekatwa hadi nyamani, ncha za vidole ngumu na zenye mistari. Alikuwa anaangalia mkono kama wake.

"Unapiga?"

"Miaka tisa, hoteli za Pwani. Sasa niko nyumbani Kikima na mama yangu." Akamtazama usoni kwa makini. "Ngoja. Wewe ni Mwau? Mwau wa Nyuzi Sita?"

Mwau akacheka, akaiachilia pakiti. Nyuzi Sita lilikuwa kundi lake la mtandaoni, watu elfu kumi na moja waliopenda gitaa: Wakenya, Watanzania, vijana wanaofanya kazi Doha na Dubai. Alikuwa amepiga jazi kwenye hoteli za Nairobi miaka kumi na miwili, hadi hoteli zilipoacha kuajiri bendi. Akarudi Wote, akaisimamisha simu yake kwenye stendi ya mbao, na kuanza kufundisha. Kila asubuhi aliingia kundini, akaweka kipande kifupi cha muziki, na chini yake maelezo ya masomo yake. Hivyo ndivyo alivyoishi.

"Mimi ni Kavindu," mwanamke akasema. "Niko ndani ya kundi lako tangu mwaka jana. Na mimi nafundisha, lakini sina watu. Nilikuwa naogopa kutangaza kwako."

"Kwa nini uogope?"

"Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu."

"Basi nakukaribisha," Mwau akasema. "Na hizo nyuzi chukua. Zangu zitavumilia wiki moja."

"Moja tu?"

"Wiki ijayo tunywe chai, uniambie zinasikika vipi."

Walikunywa chai wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kufikia mwezi wa pili Mwau alikuwa akipanda Kikima kila Jumapili baada ya ibada, gitaa mgongoni, na simu zao zilikuwa zimeanza kuwa ndefu.

"Haloo, mwalimu."

"Haloo, mwanafunzi mtoro."

"Nani mtoro? Si wewe hukupiga jana?"

"Nilikuwa na darasa. Wale wa Doha walinishika masaa mawili."

"Kwa hivyo mimi nasimama kwa laini nyuma ya Doha?"

"Wewe husimami kwa laini, mwendwa wakwa, mpenzi wangu. Wewe ndio laini inakungoja."

"Uongo mtamu," Kavindu alisema, na kicheko chake kikamfanya Mwau akae chini kwenye ngazi ya nyumba, asahau alikuwa anaelekea wapi.

Ni Mwau mwenyewe aliyemrekodia video ya kwanza. Walipanda kilimani, juu ya nyumba ya mama yake, mahali ambapo matuta ya mashamba ya Mbooni yanashuka moja chini ya lingine, na Kavindu akakaa kwenye stuli ya jikoni. Alichukua wimbo wa kanisani ambao kila mtoto wa Ukambani anaujua, akaupiga polepole, akizibadilisha sauti chini ya melodi moja baada ya nyingine mpaka wimbo ukawa kama mtu mliyesoma naye aliyerudi amekuwa mkubwa. Mwau alishika simu bila kupumua. Kavindu alipomaliza, Mwau aliitia simu mfukoni.

"Ilikuwa mbaya?" Kavindu akauliza.

"Ilikuwa sawa," Mwau akajibu. "Jua lilikuwa linakupiga kwa jicho kidogo."

Video ile aliiweka kundini yeye mwenyewe, na maneno: *Mwalimu mpya, mkaribisheni.* Ndani ya siku kumi ilikuwa imetazamwa mara laki mbili. Walimu wa kwaya waliitumiana. Mtu wa Mwanza aliandika kwamba amelia ndani ya ofisi. Kavindu, aliyekuwa na wanafunzi wanne, sasa alilazimika kugawa wanafunzi katika madarasa matatu kwa wiki.

Mwau alifurahi. Alimwambia kila mtu mjini Wote. Lakini asubuhi moja alipata ujumbe kutoka kwa Kaloki, mwanafunzi wake wa Doha wa miaka miwili: "Mwalimu, usikasirike. Nimehamia kwa Madam Kavindu. Anafundisha vile nimekuwa nikitafuta." Mwau akamjibu, "Hakuna shida, ndugu, songa mbele," na siku nzima hakugusa gitaa.

Halafu akaja Jabiri.

Jabiri alikuwa wa Kitui, wa familia iliyotoka Pwani zamani na kukaa pale hadi Kikamba chao kikawa safi kuliko cha wenyeji. Alipiga gitaa vizuri, na Jumamosi alasiri aliandaa muziki kwenye bustani ya hoteli moja mjini humo. Kila Kavindu alipoweka video, jina lake lilikuwa la kwanza chini yake. Siku moja aliandika hivi: "Mwalimu, kidole gumba chako kinatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Wengine wetu gumba letu linapotea njia."

Mwau aliyasoma maneno hayo mara nne. Yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu yeye, aliyekaa mbele ya kidole hicho miezi mitano, hakuwa ameyasema.

"Huyu Jabiri ni nani?" aliuliza siku hiyo kwa simu, akijaribu kuifanya sauti yake nyepesi.

"Mwanamuziki wa Kitui. Ananialika nicheze kwake."

"Anakuandikia sana."

"Watu wengi wananiandikia, Mwau."

"Yeye anaandika kama barua."

"Una wivu?" Kavindu akacheka. "Mpenzi wangu ana wivu! Hebu sema, nisikie."

"Wivu wa nini? Nauliza tu."

"Sawa, mzee wa kuuliza tu."

Angesema ndiyo siku hiyo, mengi yasingetokea. Badala yake alianza kuhesabu. Alihesabu alama za moyo chini ya video za Kavindu na chini ya zake. Aliangalia saa ambayo Jabiri alikuwa mtandaoni na saa ambayo Kavindu alikuwa mtandaoni. Alipokuwa akinyoa ndevu, simu ilisimama kwenye kioo. Alipokuwa akila muthokoi, simu ilisimama kando ya sahani. Hata gitaa lake alilianza kulishika kama mtu anayepima kitu, akirudia ule wimbo wa kanisani peke yake chumbani, akijaribu kuutoa vile Kavindu alivyoutoa. Haukutoka.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Kavindu alitangaza kundini darasa jipya: wanawake wanaopiga gitaa kanisani, kutoka kaunti zote, masomo ya miezi mitatu. Lilikuwa jambo alilolipanga muda mrefu, na alikuwa ameliambia kundi kwa maneno mazuri. Dakika tano baadaye Jabiri akaandika: "Hili ni jambo la heshima kubwa. Nitawaleta dada zangu wote wawili."

Mwau alikuwa kwenye kibanda cha chai mbele ya ofisi za kaunti. Aliweka kikombe chini. Kanuni ya kundi ilisema mwalimu hutangaza mara moja kwa wiki, na Kavindu alikuwa ametangaza Ijumaa. Kanuni hiyo hakuna aliyekuwa ameifuata tangu kundi lianze, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuivunja. Akabonyeza tangazo, likafutika. Kisha kidole chake kikaenda mbele zaidi, kwenye jina la Kavindu, na kikamtoa kundini kabisa.

Akaagiza chai nyingine.

Simu ililia kabla haijafika.

"Mpenzi, sijui kumetokea nini," Kavindu akasema. "Kundi siwezi kuliona. Tangazo langu limepotea. Wasichana wananiuliza waende wapi."

Alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pale, fupi lakini ya kutosha.

"Labda ni network," Mwau akasema. "Ama kuna mtu amekuripoti. Hawa watu wa mtandao wana roho mbaya."

"Utaniangalizia?"

"Nitaangalia, mwendwa."

"Asante. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Kwa siku mbili Kavindu alihangaika. Alifungua akaunti upya, akawaandikia wasichana mmoja mmoja wale aliokumbuka majina yao. Ijumaa mchana, Musyimi wa Machakos, aliyemsaidia Mwau kusimamia kundi na hakujua lolote kati yao, alimtumia Kavindu ujumbe kwa nia njema: "Dada, naona Mwau alikutoa Jumanne. Kulikuwa na makosa? Nikurudishe?" Na chini yake, picha ya ukurasa wa wasimamizi: jina la Mwau, jina la Kavindu, saa nne na dakika kumi na mbili.

Kavindu hakupiga kelele alipompigia Mwau. Ingekuwa afadhali.

"Ni wewe."

Mwau akainuka kutoka alipokuwa ameketi.

"Nilikushukuru, Mwau. Nilikuambia asante kwa simu, na ulikuwa ndio umemaliza kunifuta. Ulisikiaje hiyo asante? Ilikuwa tamu?"

"Kavindu, nisikilize. Huyu Jabiri..."

"Usinipigie tena."

Wiki mbili zilipita. Mwau alipiga, simu haikushikwa. Aliandika, hakujibiwa. Aliendelea kufundisha, lakini wanafunzi walimuuliza kama anaumwa. Jumatatu ya wiki ya tatu, asubuhi, alikaa mbele ya simu ile ile aliyofundishia na kuandika kundini, mbele ya watu elfu kumi na moja:

*Tangazo la Mwalimu Kavindu halikupotea. Nililifuta mimi. Yeye nilimtoa mimi, kwa wivu, halafu nikamdanganya. Hakuvunja kanuni yoyote. Kuanzia leo mimi si msimamizi tena, Musyimi atawaongoza. Kama ulikuwa unatafuta darasa lake, anwani ni hii hapa.*

Maoni yalimiminika. Wengine walimsifu kwa ujasiri. Mmoja, mama mtu mzima wa Mwingi aliyekuwa mwanafunzi wake, aliandika maneno mawili tu: "Mwalimu, umetuaibisha." Hayo ndiyo Mwau aliyoona ni ya haki.

Jumatano akapanda Kikima.

Ukungu ulikuwa haujatoka kwenye miti ya parachichi. Mama yake Kavindu alikuwa ameketi mlangoni, leso kifuani, beseni la mbaazi miguuni. Kutoka chumba cha ndani sauti ya Kavindu ilisikika ikihesabu, "moja na mbili na," na gitaa la mtu wa mbali likijibu kupitia spika ndogo.

"Ni wewe uliyemfuta mtoto wangu?" mama akauliza.

"Ni mimi, mwaitu."

"Mimi sijui kufutwa huko ni kufutwa gani. Lakini siku mbili hakula." Akamsogezea beseni. "Ana darasa. Kaa, umenye."

Alimenya mbaazi karibu saa nzima. Kavindu alipotoka, alikuwa amevaa sweta kubwa ya kijivu na miguu mitupu. Hakushangaa kumwona. Walipanda pamoja hadi pale kilimani juu ya nyumba, wakasimama, hakuna aliyekaa.

"Umekuja kuomba msamaha wa nini?" Kavindu akaanza.

"Wa kukutoa. Na kukudanganya."

"Hiyo nimeisoma. Umeandika vizuri, watu mia nne wamekupigia makofi. Hata kuomba msamaha umepata mashabiki." Akakunja mikono. "Mimi nataka kujua kwa nini."

"Jabiri..."

"Wacha Jabiri. Unataka nikuambie kuhusu Jabiri? Ananipenda. Hukuota. Jumanne ile asubuhi alinipigia, akaniuliza kama kuna nafasi. Nikamwambia hakuna nafasi, kuna mtu. Nikakata simu, nikaandika tangazo langu. Na huyo mtu mwenyewe alikuwa ananingoja na kidole."

Mwau aliangalia mashamba chini. Alitaka kusema kitu kizuri, na kila kizuri kilichomjia kilikuwa nusu ya ukweli.

"Siku nilikurekodi hapa," akasema mwisho, "uliniuliza kama ilikuwa mbaya. Nikakuambia jua linakupiga kwa jicho."

"Nakumbuka."

"Hakukuwa na jua kwa jicho. Nilijua umenishinda. Nimekaa na gitaa miaka yote hiyo, hoteli kubwa kubwa, nikafikiri mimi ndio mimi. Halafu ukakaa kwa stuli ya jikoni, ukafanya kitu ambacho siwezi. Nilifurahi, Kavindu, naapa. Na niliumia. Vyote viwili siku moja. Jabiri alinipa tu mahali pa kuweka hayo maumivu. Kusema nina wivu wa mwanaume ni rahisi. Kusema nina wivu wa mkono wako ni aibu."

Kavindu aliikunjua mikono yake. Alipozungumza, hasira ilikuwa imeondoka, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi.

"Wivu wa Jabiri ningeusamehe siku ile ile. Hata ungenichekesha. Huu wa pili ndio unanitia hofu. Jabiri naweza kumwambia aende. Mkono wangu nitauambia uende wapi?"

"Usiende popote."

"Ni rahisi kusema hapa juu." Akafikiri. "Jumamosi nacheza Kitui. Ndiyo, kwake. Mwenzangu wa ridhimu amesafiri. Uje ukae nyuma yangu, upige ridhimu. Solo hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja. Na usikubali kwa sababu unataka nikurudie. Ukubali kama unaweza."

Mwau akavuta pumzi. "Nitakuja. Kama naweza, tutajua huko."

Jumamosi alasiri bustani ya hoteli mjini Kitui ilijaa: viti vyeupe vya plastiki chini ya hema, familia na watoto wao, kina mama wa buibui na kina mama wa vilemba meza moja, harufu ya pilau na nyama choma. Kavindu alivaa gauni refu la kijani na hereni za shaba zilizogusa shingo alipogeuza kichwa. Jabiri alikuwa mrefu, mwenye shati la kitani la buluu na ndevu zilizochongwa, mzuri kuliko picha yake. Mwau alitamani angekuwa mbaya.

"Karibu, mwalimu," Jabiri akasema, akimpa mkono. "Nilijifunza kwako, somo lako la tatu, mwaka wa corona. Hukunijua." Halafu, kwa sauti ya chini, "Una bahati. Usiichezee."

"Nimesikia," Mwau akasema, na akaona ugumu wa kumchukia mtu anayesema kweli.

Wimbo wa kwanza alipiga vizuri. Wa pili, Kavindu alipoingia kwenye solo na watu wakaanza kupiga mayowe ya shangwe, mkono wa Mwau ukawa mzito, ukapanda, ukataka nao usikike. Kavindu hakugeuka. Aliinamisha tu kichwa kidogo upande wake, hereni ikang'aa, na Mwau akaelewa. Akashusha sauti. Jasho lilimtoka kama mtu anayebeba gunia.

Wimbo wa tano ulikuwa ule wa kanisani. Mwau aliushikilia chini, mpigo baada ya mpigo, na akagundua kwamba kutoka pale nyuma aliweza kusikia kitu ambacho hakukisikia alipokuwa akirudia peke yake chumbani: Kavindu alikuwa akiacha nafasi. Kila mahali ambapo Mwau alikuwa akijaza, Kavindu aliacha. Mwau akaziweka sauti zake ndani ya nafasi hizo, laini, na Kavindu akageuka mara ya kwanza siku hiyo, akamtazama na kucheka akiwa bado anapiga. Meza ya mbele, mwanamke mmoja alifunika uso kwa leso.

Jua lilikuwa bado juu walipobeba amplifaya hadi kwenye gari. Jabiri alikuwa kando ya lango akiaga wageni wake. Alimpungia Kavindu mkono, na Kavindu akampungia.

"Nina wivu," Mwau akasema.

Kavindu akasimama. "Na nani?"

"Na yeye kidogo. Na wewe zaidi."

"Kiasi gani?"

"Kwenye wimbo wa pili ulikuwa mkubwa, nilitaka kuvunja gitaa. Wa tano nilisahau. Sasa umerudi, lakini umekaa tu, hausemi kitu."

Kavindu aliegemea gari, akamwangalia kana kwamba anasikiliza kama nyuzi zake zimekazwa sawasawa.

"Hivyo ndivyo nataka," akasema. "Ukija, niambie umekuja. Nitakuuliza kiasi gani, utaniambia. Kunifuta, hapana. Mara moja tu tena, Mwau, na hutaniona."

"Sitarudia." Akaweka amplifaya chini. "Nikija kwa mwaitu na wazee wangu, na mbuzi za ntheo, zile za posa, mtanipokea?"

"Mama atapokea mbuzi za mtu yeyote. Ni mimi hujaniuliza."

"Nakuuliza. Utaolewa na mimi?"

Kavindu alitupa jicho kuelekea langoni, na kona za mdomo wake zikacheza.

"Uliza tena. Kwa sauti. Jabiri asikie."

"Kavindu!"

"Kwa sauti, nimesema. Si ulikuwa na wivu?"

Mwau alisafisha koo. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya siku ya soko, na bustani nzima ikageuka. Wapishi walitoka jikoni. Langoni, Jabiri aliinamisha kichwa, akasimama hivyo kidogo, kisha akawa wa kwanza kupiga makofi.

"Ĩĩ," Kavindu akajibu kwa Kikamba, na kina mama wa meza zote wakapiga vigelegele.

Mwezi wa Aprili, mvua ilipokuwa imeanza, mbuzi watatu walipandishwa Kikima, wakilia njia nzima.